Sura ya Sita: Pima Simu Kwanza

Kijana wa Nzahaha, huku kwetu Rwanda, anayetaka kutengeneza gemu za simu huanza na swali moja: ninunue kompyuta gani? Swali ni halali, ila limeruka foleni. Kabla ya kutazama kompyuta yoyote, simama kidogo pale pikipiki zinaposubiri abiria wa kupanda Kamembe au kushuka Bugarama, au karibu na wakala wa MoMo, utazame simu zilizo mikononi mwa watu. Utaona Tecno, itel na Infinix za bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni, RAM ya GB 2 au 3, nafasi imejaa picha za harusi na video za WhatsApp. Hizo ndizo mashine ambamo gemu yako itachezwa. Gemu isiyofunguka kwenye simu ya shangazi yako bado haijatengenezwa, hata kama uliichora kwenye kompyuta ya mamilioni.

Chukua igisoro, mchezo wetu wa ubao. Ubao una mashimo 32 na mbegu 64, idadi ile ile ya mashimo na kete za bao la Kiswahili. Kwa kompyuta, ubao mzima ni orodha ya namba 32. Hata ukitaka simu icheze dhidi ya mtu, ikifikiria hatua kadhaa mbele kabla ya kusogeza, hesabu zake haziielemei simu ya GB 2, sembuse laptopu. Kinachobaki ni picha ya ubao, picha ya mbegu, mlio wa mbegu zikigongana na vitufe vichache. Kola Studios ya Kampala ilijipatia jina kwa gemu ya Matatu, mchezo wa karata ambao Waganda waliucheza vijiweni kabla simu janja hazijafika. Karata hazihitaji kivuli wala ukungu.

Ukitaka mbio za magari zinazokata msitu wa Nyungwe asubuhi, ukungu ukielea na majani yakitikisika, hiyo ni safari nyingine na kompyuta nyingine. Sikukatazi. Nakuomba tu ujue unachokiomba, kwa sababu tofauti ya bei kati ya mashine ya igisoro na mashine ya Nyungwe inaweza kufika mara tano, na mchezaji mwenye itel hatauona ukungu wako. Simu yake itapata moto, itasita, kisha ataifuta gemu ili apate nafasi ya picha.

Katika ukanda wetu kuna mtu ambaye kisa chake kinafaa kusomwa na kila anayeweka akiba ya laptopu. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita kusini mwa Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza pale kambini, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alikuwa akishona nguo. Aliweka akiba kwa miaka 3 hadi akafikisha dola 300, akamnunulia mwanawe laptopu. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo Mayen alikuwa akitembea saa 3 kwenda kuichaji kwenye kibanda cha intaneti, kisha anarudi. Akajifunza kuandika programu mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ya simu ambayo mchezaji anaharibu mabomu ili kulinda amani. Baadaye aliiweka Facebook, ikamtoa kambini: alihamia Washington, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatunukiwa katika hafla ya The Game Awards.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama hadithi tamu ya bidii. Mimi nakisoma kama risiti. Dola 300 ndizo zilizoandikwa juu, na chini yake, kwa maandishi madogo, kuna saa za kutembea kila mara betri inapokwisha. Laptopu ile ingekuwa na betri ya kudumu maradufu, saa hizo za kutembea zingepungua nusu. Kwa hiyo pima mashine yako kwa vitu viwili ambavyo dukani havionekani: simu itakayocheza gemu, na umeme utakaoiwasha kompyuta. Prosesa, rangi ya kioo na jina la kampuni vinafuata nyuma.

Injini kabla ya laptopu

Gemu za siku hizi hazijengwi kuanzia msingi. Hujengwa ndani ya programu iitwayo injini, ambayo tayari inajua kuchora picha, kucheza sauti, kugundua kidole kilipogusa kioo, na mwishoni kufunga kila kitu kuwa faili moja la Android. Injini ndiyo itakayokaa ndani ya kompyuta yako na kula RAM yake, kwa hiyo ichague kwanza.

Unity ndiyo inayotajwa zaidi, na masomo yake yamejaa YouTube. Ni nzuri, lakini ukipakua Unity yenyewe pamoja na vifaa vyake vya Android, zitameza GB kadhaa za bando lako kabla hujaandika mstari mmoja, na kwenye RAM ya GB 8 itafanya kazi huku ikilalamika. Pia mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza ada ya kila usakinishaji wa gemu, watengenezaji wakaja juu, na mwaka uliofuata ikaifuta. Ada imekwenda, ila wengi walishajifunza kutazama pembeni. Unreal ni ya wale wa ukungu wa Nyungwe: inataka RAM ya GB 32, makumi ya GB kwenye diski, na kadi ya picha yenye nguvu. Kwa laptopu ya mtumba isahau.

Mimi ningemwelekeza mtu wa Nzahaha kwenye Godot. Ilianzia Argentina, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014, haina ada wala mgawo wa mapato. Programu yenyewe ni ndogo mno kwa kulinganisha: faili moja unalolifungua bila hata kulisakinisha. Ukiongeza violezo vya kutolea gemu, vifaa vya Android na Java, jumla itakuwa GB chache. Pakua mara moja ukiwa Kamembe penye mtandao mzuri, weka kwenye flashi, na marafiki zako watatu watakuwa wamepata bure. Tena Godot ina njia nyepesi ya kuchora picha iliyowekwa kwa ajili ya mashine za zamani na simu dhaifu. Unapofungua mradi mpya utaulizwa, chagua hiyo. Kwa asiyetaka kuandika programu kabisa kuna GDevelop, ambapo sheria za mchezo hupangwa kwa kuchagua matukio: mbegu ikigusa shimo, ongeza moja. GDevelop hufunguka hata ndani ya kivinjari, na hukujengea faili la Android kwenye mitambo yake kupitia intaneti, bila malipo ndani ya kikomo cha kila siku.

Android Studio ya Google si injini ya gemu, lakini wengi huisakinisha wakidhani ni lazima. Google yenyewe inataka RAM ya angalau GB 8 kwa programu hiyo peke yake, na GB 16 ukiongeza emuleta, yaani ile simu ya kuigiza inayoonekana ndani ya kioo cha kompyuta. Hapa ndipo laptopu nyingi za bei nafuu hukwama, feni ikipiga kelele na mwenyewe akiamini amenunua kitu kibovu. Achana na emuleta. Una simu mfukoni. Fungua mipangilio, gusa namba ya toleo mara 7 ili menyu ya watengenezaji ijitokeze, ruhusu utatuzi kwa USB, chomeka kebo, na gemu itafunguka kwenye simu yenyewe. Umeokoa GB kadhaa za RAM, na unaona ukweli: jinsi kidole kinavyoteleza, jinsi betri inavyoshuka, jinsi maandishi yanavyosomeka juani.

Namba zinazofaa kulipiwa

Sasa tuingie dukani. Kitu cha kwanza cha kulipia ni RAM. GB 4 haitoshi tena. GB 8 ni mwanzo unaovumilika kwa Godot na kivinjari chenye masomo. GB 16 ni raha. Muhimu zaidi kuliko idadi ya leo ni kama inaongezeka kesho. Kuna laptopu ambazo RAM yake imelehemewa kwenye bodi, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho, na kuna zenye nafasi mbili ambazo fundi anafungua skrubu za chini na kuchomeka kipande kingine.

Cha pili ni SSD. Diski ya zamani inayozunguka hufanya kila kitu kiwe cha kusubiri, hata kuwaka. Laptopu ya mwaka 2016 iliyobadilishiwa SSD ni bora kuliko ya mwaka 2020 inayozungusha. GB 256 zinatosha ukiwa na nidhamu ya kutohifadhi filamu.

Prosesa huwapagawisha watu bila sababu. Wauzaji husema "ni Core i5" kana kwamba wametaja cheo cha jeshi. Usiishie hapo, soma namba inayofuata. Katika i5-7200U, ile 7 ni kizazi. Katika i5-8250U, kizazi ni cha 8. Kati ya vizazi hivyo viwili kuna mlango mkubwa: kwenye laptopu za kawaida za kazi, i5 ya kizazi cha 7 ina viini 2, ya kizazi cha 8 iliyotoka mwaka 2017 ina 4. Mlango huo ndio pia mpaka wa Windows 11, ambayo rasmi inakubali kizazi cha 8 na kuendelea, wakati Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana ofisi za Ulaya na Ghuba zinazitupa mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa wingi, nazo zinatua kwenye masoko yetu kwa bei ya kutupa. Kwa anayeogopa kitu chochote kisicho Windows, hizo ni mtego. Kwa aliye tayari kuweka Linux Mint, ni neema, kwa kuwa Godot, Unity na Android Studio zote zina matoleo ya Linux.

Kadi ya picha ya pekee? Kwa igisoro, karata, chemshabongo na mchezo wa kuruka vizuizi, hapana. Ile iliyomo ndani ya prosesa inatosha, na mashine isiyo na kadi ya ziada hula umeme kidogo na haichemki mapajani.

Kile kipya kinachong'aa

Dukani kutakuwa na laptopu mpya kabisa, ndogo, ya rangi ya kupendeza, bado ina plastiki kwenye kioo, na bei yake inalingana na mtumba ulio pembeni. Itazame kwa adabu kisha soma kibandiko. Ikiwa imeandikwa Celeron N4000 au N4020, RAM GB 4, eMMC GB 64, irudishe mezani. RAM yake kwa kawaida imelehemewa. Ile eMMC ni hifadhi ya polepole iliyogandishwa kwenye bodi; Windows yenyewe itakula zaidi ya nusu, na sasisho moja kubwa litakuacha ukifuta picha ili mashine iwake. Imetengenezwa kwa mtu wa kuandika barua na kusoma habari, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Mzazi anayetoa pesa ataipenda kwa sababu ni mpya na ina dhamana. Mwelezee polepole, mwonyeshe hizo namba.

Ninachopendekeza ni laptopu za kazi zilizotumika ofisini: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490, HP EliteBook 840 G5. Nairobi huziita "ex-UK". Zilitengenezwa kwa makampuni yaliyotaka mashine za kufunguliwa na kurekebishwa, kwa hiyo RAM, SSD, kibodi na betri hubadilika, na vipuri vyake vinapatikana Kigali bila kuagiza ng'ambo. Kwa dola 300 zile zile za mama yake Mayen, ambazo kwa viwango vya 2025 zilikuwa zaidi ya faranga 400,000 za Rwanda, mtu anaweza kutafuta mojawapo ya hizi na kubakiwa na kitu cha kuongezea RAM. Akiwa na kidogo zaidi ya nusu yake, atafute T460 au T470 na kuweka Linux.

T480 ina kitu ambacho kwa mtu wa kijijini kinazidi prosesa: betri mbili. Moja imo ndani, nyingine inachomolewa kwa mkono, nayo huuzwa ya saa-wati 24, 48 au 72. Unaweza kuchomoa iliyokwisha na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine, kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Angalia pia herufi inayofuata namba: T480s ni dada yake mwembamba, sehemu ya RAM yake imelehemewa na betri haichomoki. Muuzaji hataitaja hiyo "s" mpaka umuulize.

Kuhusu mahali pa kununua, Kamembe iko karibu na unaweza kurudi kugomba. Kigali kuna chaguo pana na bei laini zaidi, ila ongeza nauli ya basi kukata Nyungwe kwenda na kurudi, na siku nzima njiani. Bukavu iko ng'ambo ya daraja la Rusizi na wengi wetu tuna ndugu huko. Lakini kule, kama ilivyo kwa mitumba mingi kutoka Ubelgiji na Ufaransa, kibodi huwa za mpangilio wa AZERTY. Kwa kuandika barua ni mazoea tu. Kwa kuandika programu ni adha ya kila dakika, kwa sababu namba zinataka ushike Shift na mabano ya mraba na ya mawimbi yanataka AltGr, na mabano hayo ndiyo utakayoyabonyeza siku nzima. Unaweza kubadili mpangilio ndani ya mipangilio ukaandika bila kutazama herufi, au kumlipa fundi akubadilishie kibodi. Vyote viwili vipunguze kwenye bei kabla hujatoa pesa. Na popote ununuapo upande wetu, dai risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi. Ni ushahidi kwamba mashine uliinunua, na mpakani itakuepusha na maswali.

Mbele ya muuzaji

Nenda mchana usiwe na haraka, na kama una mtu anayefahamu kompyuta mwombe mfuatane. Sema kwa upole: "Mkubwa, naomba niiwashe bila chaja." Muuzaji mwaminifu hatajali. Akisema betri imelala kidogo, ipe muda, subiri, kisha chomoa chaja na uangalie inakaa dakika ngapi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Litatoka faili linaloonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa iliyokuwa ya saa-wati 48 sasa inabeba 20, hiyo si betri tena, ni uzito. Bado unaweza kununua mashine, ila bei ya betri mpya itoke upande wa muuzaji.

Kisha zima, uwashe tena, uingie BIOS kwa kitufe cha F1, F2 au F10 kulingana na kampuni. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Laptopu za makampuni wakati mwingine huja bado zimefungwa, na kuna nyingine ambazo ukiziweka upya na kuziunganisha na intaneti hujitokeza ukurasa wa kampuni ya zamani ukidai barua pepe ya mfanyakazi. Hapo hata fundi hodari atakusumbua kwa miezi. Njia ya kujua ni kuomba muuzaji aunganishe Wi-Fi na kuanza Windows upya mbele yako. Itachukua muda, muuzaji atachoka. Mwache achoke.

Kwenye T480 kuna jambo moja la ziada. Matundu yake ya USB-C ndiyo yanayopokea chaji, na toleo la zamani la programu ya ndani ya Thunderbolt lilikuwa na kasoro ya kuharibu tundu taratibu hadi likaacha kufanya kazi. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Jaribu chaja kwenye matundu yote mawili, na ukifika nyumbani weka sasisho hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kagua pia bawaba za kioo, bonyeza kila herufi, fungua video ndefu usikilize feni. Mikwaruzo ya kifuniko iache. Mikwaruzo ndiyo iliyokupunguzia bei.

Umeme

Mto Ruzizi unaopita ukingoni mwa wilaya yetu unazungusha mitambo inayolisha nchi tatu. Ruzizi II peke yake, iliyoanza mwaka 1989, inagawiwa Rwanda, Burundi na Kongo. Ila si kila nyumba ya Nzahaha ina waya, na mwenye waya anajua kwamba radi ikianza Bugarama, taa zinaanza kuaga. Ndiyo maana sipendekezi kompyuta ya mezani kwa anayeanza, ingawa bei yake inavutia. Vile visanduku vidogo vya ofisini, Lenovo ThinkCentre Tiny au Dell OptiPlex Micro, vina nguvu kwa pesa ndogo na havili umeme mwingi. Lakini ongeza kioo, kibodi, na betri ya kukulinda umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi kazi, na unafuu umeyeyuka. Kwa chumba cha vijana watatu wanaochangia, penye umeme wa kuaminika, nitabadili mawazo.

Kwa laptopu, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. T480 ikiandika programu tu, kioo kimepunguzwa mwanga, hutumia wati 10 hivi. Betri ya nje ya saa-wati 48 ikiwa nzima hukupa karibu saa 5, na ile ya ndani inaongeza. Ikijenga faili la Android matumizi yanapanda, lakini hiyo ni kazi ya dakika chache. Kifurushi kidogo cha sola cha taa tatu na redio hakitaichaji, usijaribu, utakiua. Betri ya gari ya volti 12 na paneli ya wati 100 vitaichaji vizuri: siku ya jua zuri paneli hiyo huleta kama saa-wati 400, na siku nzima ya kazi haifiki nusu yake. Halafu usinunue inveta ya kugeuza umeme kuwa wa ukutani na kuurudisha tena, ukipoteza njiani. Nunua chaja ya gari ya USB-C yenye wati 65 inayotoa volti 20, ichomeke kwenye betri, na waya mmoja uende moja kwa moja kwenye laptopu. Ni kifaa kidogo cha mfukoni. Huko Nzahaha kinaweza kuwa na faida kuliko RAM ya ziada.

Kabla ya kununua chochote

Pengine kompyuta ya kwanza uliyoigusa ilikuwa ile ya kijani na nyeupe ya shule ya msingi, XO, ambayo Rwanda ilianza kuigawa mwaka 2008 na kufikisha zaidi ya 200,000. Toleo lake la kwanza lilikuwa na RAM ya MB 256. Haiwezi kujenga gemu ya Android, lakini ndani yake kulikuwa na kobe wa kuchora kwa amri, na mtoto aliyemzungusha kobe yule hadi akachora nyota alishaonja kazi hii. Leo simu yako ina nguvu mara nyingi kuliko XO. Godot ina toleo la Android la kuandikia na kujaribia gemu kwenye simu yenyewe, na GDevelop pia. Kioo ni kidogo, vidole vinachoka. Hata hivyo, mtu akiweza kumaliza igisoro yenye ubao usiopendeza kwenye simu tu, huyo ndiye ningemkopesha pesa ya laptopu. Aliyeshindwa kukaa na kazi hiyo wiki kadhaa, laptopu itamgeuka kuwa runinga.

iPhone nitaigusa kwa kifupi. Ili kupeleka gemu kwenye duka la Apple unahitaji Xcode, inayofanya kazi kwenye Mac tu, na ada ya dola 99 kila mwaka. Wachezaji wako hawako huko. Subiri.

Duka la Google Play linadai dola 25 mara moja tu, kwa hiyo zitenge pembeni usije ukazimalizia kwenye RAM. Tenga na pesa nyingine ya simu ya pili ya mtumba, ile dhaifu kuliko zote sokoni, Android Go ya GB 2. Simu nyingi za aina hiyo bado zinaendesha mfumo wa biti 32, wakati tangu 2019 Google inataka kila programu iwe na toleo la biti 64. Unapofunga gemu weka alama kwenye matoleo yote mawili. Ukisahau la 32, simu ulizoziona kituoni hazitaiona gemu yako kabisa, na hutapata ujumbe wowote wa kukuonya.

Kuna sharti jingine linalowashangaza wengi. Akaunti mpya ya mtu binafsi haiwezi kufungua gemu kwa umma mpaka watu 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo. Nzahaha watu 12 hawakosekani: kwaya, timu ya mpira, wanafunzi wenzako. Tatizo ni kwamba kila mmoja lazima awe na akaunti ya Google anayoijua nenosiri lake, akubali mwaliko, na asijitoe hadi siku ya mwisho. Wengi walifunguliwa akaunti na muuza simu na hawajui hata inaitwaje. Kwa hiyo anza kukusanya majina wakati laptopu bado iko dukani, uandike 20, uwasaidie kufungua akaunti mmoja mmoja, kwa sababu kuna atakayepoteza simu na kuna atakayeifuta gemu kupata nafasi ya video ya harusi.